TUSINGOJE MWEZI UJAE
Fundisho juu ya mbio ndefu ya Athene mpaka Sparta

Masomo: 1 Wakorinto 9:24-27, Waefeso 5:15-16, Luka 10:25-37



Mtume Paulo anapotaka kufundisha juu ya maisha ya imani, mara nyingi anachukua mfano wa mtu anayekimbia. Mfano huo tunausoma kanisani na tunautia katika maombi yetu. Lakini wengi kati yetu, wakisikia neno mbio, wanafikiri juu ya mbio fupi: watoto wa shule wanasimama kwa mstari, mwalimu anapiga filimbi, na kwa sekunde chache mambo yamekwisha. Mbio ya imani haiko hivyo. Kwa sababu hii tumechagua kuwaeleza mbio moja ya kweli, inayofanywa katika nchi ileile ya Ugiriki ambamo Paulo alihubiri, na inayopita katika miji ya pwani kati ya Athene na Korinto. Jina lake ni Spartathlon. Tukiiangalia vizuri, itatufundisha neno moja kubwa: namna mwanadamu anavyotumia wakati wake njiani.

NJIA YENYEWE

Mbio hiyo inaanzia Athene na inamalizika Sparta. Urefu wake ni kilometa 246. Ndugu zetu wa Katanga wapime hivi: ni karibu kama kutoka Lubumbashi mpaka Likasi na kurudi tena, kwa miguu. Mkimbiaji anapewa saa 36 tu. Mwisho wa mwezi wa tisa, saa moja asubuhi, watu karibu 400 wa mataifa mengi wanaondoka chini ya kilima cha Akropoli, karibu na Areopago, mahali ambapo Paulo alisimama kuhubiri juu ya Mungu asiyejulikana (Matendo 17). Anayetaka kuhesabiwa kuwa amemaliza, inafaa afike Sparta kabla ya saa moja ya jioni ya siku inayofuata.

Kwanza wanapita katikati ya mji mkubwa, kati ya magari, polisi wakiwafungulia njia. Halafu wanafika Elefsina, mji wa bandari na viwanda vya kusafisha mafuta. Kisha Megara, kwenye kilometa 42. Hapo mtu amekwisha kukimbia marathoni nzima, na bado ana kilometa zaidi ya 200 mbele yake. Kutoka Megara wanafuata bahari, maji yakiwa mkono wa kushoto na jua likiwa juu ya kichwa, mpaka karibu na kilometa 80, mahali pa mfereji wa Korinto. Hapo pwani inaachwa nyuma. Wanapita katika magofu ya Korinto ya kale, wanaingia katika mashamba ya mizabibu ya Nemea, na giza linawakuta. Usiku wa manane wanapanda mlima wa mawe usio na barabara, wenye urefu wa karibu metre 1,200, wakishika taa. Asubuhi wanapita Tegea. Kisha inabaki barabara ndefu ya kwenda Sparta.

Njiani kuna vituo 75. Kila kituo kina meza yenye maji na chakula, na kila kituo kina saa yake ya kufungwa. Anayefika baada ya saa ile anaondolewa namba yake kifuani na kupandishwa katika basi linalofuata nyuma. Miaka mingi, karibu nusu ya watu wanaoanza hawafiki mwisho. Tena si watu wa kubahatisha, maana hakuna anayekubaliwa kama hakuonyesha kwanza ushahidi kwamba amekwisha kumaliza mbio nyingine ndefu kwa saa zilizowekwa.

ASILI YA MBIO HIYO

Katika mwaka 490 mbele ya Kristo, jeshi la Waajemi lilitua pwani ya Marathoni ili kupigana na Athene. Wakubwa wa Athene wakamtuma mjumbe mmoja, jina lake Filipide, akimbie mpaka Sparta kuomba msaada. Mwandishi Herodoto, aliyeandika habari za vita hivyo, anasema kwamba mjumbe huyo alifika Sparta kesho yake baada ya kuondoka Athene.

Watu wa nyakati zetu walijiuliza: Je, mtu anaweza? Katika mwaka 1982, mkubwa mmoja wa jeshi la anga la Uingereza, John Foden, aliyekuwa akisoma kitabu cha Herodoto, alikwenda Ugiriki na wenzake wanne ili kuijaribu njia hiyo. Wakaanza watu watano, wakamaliza watatu, na wote watatu jina lao lilikuwa John. Wa kwanza alitumia saa 34 na nusu, na Foden mwenyewe saa 37 na dakika 37. Mwaka uliofuata, 1983, mbio ikaanzishwa rasmi.

Sasa, wapendwa, tusikilize mafundisho matatu ya njia hii.

FUNDISHO LA KWANZA: WAKATI WA MAKOFI

Mtu akiangalia karatasi ya njia, ataogopa mlima. Atasema: Mlima ule wa usiku ndio unaoangusha watu. Lakini wanaoijua mbio wanajua kwamba wengi wamekwisha kujiangusha kabla ya kuuona mlima. Wanajiangusha katika miji ya pwani, mchana, kwenye barabara nzuri ya lami.

Inakuwa namna gani? Asubuhi mwili ni mpya na miguu ni myepesi. Katika miji watoto wa shule wanasimama kando ya barabara, wanapiga makofi, wananyosha mikono waguswe na mkimbiaji. Tena kuna hofu ya saa. Mlango wa Korinto, kwenye kilometa 80, unafungwa baada ya saa 9 na nusu. Pigeni hesabu: kufika hapo kunadai zaidi ya kilometa 8 kwa saa, lakini kutoka hapo mpaka Sparta zinatosha kilometa 6 na kidogo kwa saa. Kwa hiyo mambo mawili yanamsukuma mkimbiaji asubuhi: makofi ya watu na hofu ya mlango. Asiye na kiasi anatoa nguvu zote pale zinapoonekana na watu. Usiku ukifika, katika mashamba ya Nemea, hakuna mtoto wa kumpigia makofi, na yeye hana kitu tena ndani yake.

Si ajabu kwamba Paulo aliyaandika maneno juu ya kujizuia kwa watu wa Korinto. Alikaa katika mji ule mwaka mmoja na nusu, akishona mahema pamoja na Akila na Prisila (Matendo 18). Karibu na mji, mahali panapoitwa Isthmia, kulikuwa na michezo mikubwa kila miaka miwili, na watu walitoka mbali kuiangalia. Wakorinto walijua vizuri kwamba mshindani anajinyima mambo mengi kabla ya siku ya kushindana. Paulo hakuhitaji kuwaeleza mbio ni nini. Alihitaji kuwaambia kwamba mwenye imani naye anatakiwa kuutawala mwili wake kama mkimbiaji.

Wapendwa, tujiangalie. Ni wangapi waliokuja kwa Bwana kwa moto mkubwa? Mwezi wa kwanza walikuwa katika kila kwaya, kila maombi ya usiku, kila kazi ya ujenzi. Waliahidi mbele ya kusanyiko vitu ambavyo nyumba yao haikuweza kutoa. Watu walipiga makofi, mama walipiga vigelegele. Sasa wako wapi? Mlima wa majaribu ulikuwa haujafika bado. Walichoka wangali pwani.

Hatusemi mtu awe mvivu. Mlango wa Korinto unafungwa kweli, na mtembezi mvivu anakutwa na basi. Tunasema mtu akimbie kwa kipimo anachoweza kukishika hata usiku, wakati hakuna anayemwona ila Mungu. Baba anayeomba na watoto wake dakika chache kila jioni, kwa miaka ishirini, anakwenda mbali kuliko anayelia kanisani usiku mmoja na kunyamaza mwaka mzima.

FUNDISHO LA PILI: WAKATI WA MEZA

Tumesema kuna vituo 75. Hapo wanasimama watu wasiokimbia. Wanasimama juani mchana na katika baridi usiku, wakimwaga maji, wakigawa supu na matunda, wakiita kwa majina watu wasiowajua. Majina yao hayaandikwi mahali. Lakini bila wao hata aliye hodari hafiki. Herodoto anamtaja Filipide peke yake, lakini wakimbiaji wa leo wanabebwa na mikono mingi.

Hapa kuna neno kwa wenye kiburi. Mkimbiaji anayepita meza bila kunywa, kwa kusema bado sijisikii kiu, anaanguka mbele. Vivyo hivyo mwamini anayesema: Mimi naomba peke yangu, sihitaji ndugu, sihitaji shauri la wazee, sihitaji ibada. Kiu ya mwili inakuja imechelewa, na kiu ya roho vilevile. Siku unapoisikia, umekwisha kukauka.

Lakini kuna neno pia kwa wapenda meza. Kwenye kituo kuna kiti. Mkimbiaji anakaa dakika mbili, dakika tano, dakika kumi. Miguu inapoa na kukazana. Kila dakika aliyoiokoa kwa jasho kwenye barabara anaipoteza akiwa amekaa, na saa ya mlango haikai pamoja naye. Watu wanaojua mbio hii wanaonyana juu ya kiti: kinakupokea kwa wema, lakini hakitaki kukuachilia.

Tunacho kiti kama hicho katika kanisa. Tunakula neno, tunafurahi, tunaimba, tunasifiana kwa nguo nzuri za sikukuu, na tunasahau kwamba meza iliwekwa ili tuondoke tena. Ibada ya Jumapili ni maji ya njiani. Anayetoka kanisani na kurudi katika ugomvi uleule na jirani, katika deni lilelile asilotaka kulipa, alikaa mezani lakini hakuendelea na safari. Na nyinyi mnaosimama mezani usiku kwa ajili ya wengine, mama mnaopika wakati wa makusanyiko, walinzi, wanaofagia, wanaokaa na wagonjwa: msidhani kwamba nyinyi si sehemu ya mbio. Kila anayefika anafika na maji yenu ndani yake.

FUNDISHO LA TATU: WAKATI WA MWEZI

Wapendwa, hapa ndipo moyo wa neno letu. Mpaka sasa tumesema juu ya anayekimbia. Tuseme sasa juu ya wanaompokea.

Filipide alifika Sparta. Alipita pwani yote, alipanda milima, alishinda jua na usiku, akasimama mbele ya wakubwa na kutoa ujumbe wake. Walimsikiliza, na Herodoto anasema walikubali kusaidia. Lakini walimpa jibu hili: leo ni siku ya tisa ya mwezi, na sheria yetu inatukataza kwenda vitani kabla mwezi haujajaa. Inafaa tungoje.

Mwezi ulipojaa, watu 2,000 wa Sparta waliondoka kwa haraka sana, wakafika nchi ya Athene kwa siku tatu. Vita vilikuwa vimekwisha. Watu wa Athene walikuwa wamepigana bila wao. Wasparta wakaomba waende Marathoni kuangalia maiti za Waajemi. Wakaangalia, wakawasifu watu wa Athene, wakarudi kwao.

Angalieni vizuri, ndugu. Wasparta hawakuwa waoga. Ulimwengu wote wa wakati ule uliwaogopa. Hawakumfukuza mjumbe wala hawakumwita mwongo. Walikuwa na nguvu, walikuwa na nia njema, na walikuja kweli. Kilichowashika ni sheria ya dini yao. Waliitunza sheria, na wakati ukapita. Mbio nzuri kuliko zote haikuleta msaada, kwa sababu wale waliosikia walikuwa wakiangalia mwezi.

Je, jambo hili halituhusu? Bwana Yesu alisema juu ya kuhani na Mlawi waliomwona mtu amelala njiani katika damu, wakapita upande mwingine. Labda nao walikuwa na saa yao ya ibada. Bwana mwenyewe alishutumiwa kwa sababu aliponya siku ya sabato, naye hakungoja sabato ipite, maana mgonjwa alikuwa mbele yake.

Katika nchi yetu, wajumbe wanafika kila siku mlangoni petu. Mama mmoja aliyekimbia vita anafika na watoto watatu, ametembea siku nyingi, anaomba mahali pa kulala. Kijana anakuja usiku kusema kwamba baba yake anapumua vibaya na hawana gari la kumpeleka hospitali. Mjane anasema kaka za marehemu wanataka kumtoa katika parsele. Nasi tunajibu kwa upole, kama Wasparta: Tumesikia. Tutasaidia. Lakini ngojeni kwanza sikukuu ipite. Ngojeni komite ikutane. Ngojeni mchango wa jengo ukamilike. Ngojeni mkubwa arudi kutoka safari. Na mwezi unapojaa, tunakwenda na mifuko ya unga na bahasha, kwa haraka sana, na tunakuta kilio. Tunaimba vizuri kwenye matanga. Tunamsifu marehemu, tunarudi kwetu.

Utaratibu ni mzuri, na kanisa haliwezi kuishi bila utaratibu. Sikukuu ni nzuri, na jengo ni zuri. Lakini tusifanye sikukuu zetu kuwa mwezi wa Sparta. Palipo na uhai wa mtu, siku ya tisa ni siku njema ya kuondoka. Kila parokia iwe na kitu kidogo kilichowekwa tayari, na watu wawili au watatu wenye ruhusa ya kuondoka usiku uleule bila kungoja kikao. Hilo halidai mali nyingi. Linadai tu kwamba mtu akibisha hodi, asikutane na kalenda.

TAJI

Wakimbiaji wa leo wanapoingia Sparta, watu wanatoka nyumbani, watoto wanawafuata kwa baiskeli mpaka kwenye sanamu ya mfalme Leonida. Hapo mkimbiaji anagusa mguu wa sanamu, na mbio imekwisha. Anapewa maji ya mto Evrota kunywa, na kichwani anavikwa taji la majani ya mzeituni. Mbio hii haina zawadi ya feza. Na anayefika katika saa ya 36, akivuta miguu, anavikwa majani yaleyale kama yule wa kwanza.

Wa kwanza katika mbio ya mwaka 1983 alikuwa Yiannis Kouros, mtu wa mji wa Tripoli huko Ugiriki. Alitumia saa 21 na dakika 53, akawaacha wengine mbali hata kukawa na watu waliokataa kuamini kwamba alikimbia njia yote kwa haki. Mwaka 1984 alirudi, akamaliza kwa saa 20 na dakika 25. Hakuna aliyeweza kupita alama hiyo kwa miaka 39, mpaka mwaka 2023, Mgiriki mwenzake, Fotis Zisimopoulos, alipomaliza kwa saa 19 na dakika 55. Basi wewe unayesemwa vibaya kwa kazi nzuri uliyoifanya, usipoteze siku zako katika mabishano. Rudi njiani. Njia itasema.

Lakini hata taji la Kouros ni majani. Katika siku za Paulo, taji la Isthmia nalo lilikuwa la majani, yanayokauka upesi. Mtume aliwaambia Wakorinto kwamba wale wanajinyima kwa ajili ya kitu kinachoharibika, lakini sisi tunangoja kisichoharibika. Kama watu wanaweza kukimbia siku moja na nusu bila mshahara, kwa ajili ya majani ya mzeituni na maji ya mto, sisi tutasema nini mbele ya Bwana tuliposhindwa kutembea avenue tatu kumfikia mgonjwa?

Basi, wapendwa, tushike mambo haya matatu. Pwani, wakati wa makofi, tukimbie kwa kiasi. Mezani, tunywe na tuondoke. Na mjumbe akifika mlangoni, tusiangalie juu kutafuta mwezi. Tuangalie uso wake.

Tuombe: Ee Mungu Baba, wewe uliyetupa siku chache na njia ndefu, utufundishe kuhesabu saa zetu. Uwatie nguvu wanaokimbia usiku bila mtu wa kuwaona. Uwabariki wanaosimama mezani kwa ajili ya wengine. Utuamshe sisi tuliosikia na kungoja. Kwa jina la Yesu Kristo, Mwana wako, aliyetutangulia njiani. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote, katika nyumba zenu na katika safari zenu.